Mvua ya Ng'ambo ya Korongo

Alizaliwa wapi, ukoo gani, alikuwa mtoto wa ngapi kwao, msiniulize. Sikumjua kwa hayo. Nilimjua kwa saa tatu asubuhi, kwa mwavuli mweusi uliofungwa, na kwa kopo la shaba lililosimama ndani ya ua mdogo wa seng'enge kwenye uwanja wa shule yetu, juu ya mgongo wa kilima, njia ya kwenda Endamarariek. Watu wazima walimwita Mpima Mvua. Watoto wa shule walimwita Redio, ila si mbele yake.

Jina la Redio alilipata kanisani. Jumapili, ibada ikiisha, watu walikuwa hawaondoki mpaka yeye asimame pale mlangoni, ajikohoze, ashike mwavuli wake kwa mikono miwili, atangaze hali ya hewa. Alikuwa na sauti ya puani, ya kiserikali kabisa. "Bonde la Eyasi, jua kali. Digodigo, hatuna habari, barabara haipitiki. Endulen, ukungu mzito na upepo wa kuwageuza ng'ombe mkia. Karatu na bonde lake, manyunyu. Milimani, theluji." Akifika kwenye theluji watu waliangua kicheko, akina mama wakawapandisha watoto mgongoni, safari ya nyumbani ikaanza. Ukiondoka kabla ya theluji ulijiona umeondoka kabla ya baraka.

Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nilikuwa mwalimu mgeni, nimetoka Uchagani, nimepangiwa kazi huko muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa vijijini, na theluji niliiona ni mali ya kwetu. Nikamfuata Jumapili ya kwanza tu, bila hata adabu. "Baba, theluji ya wapi? Theluji iko Kibo, kileleni kwetu, na funguo tunazo sisi."

Akanitazama toka kichwani mpaka viatuni. "Mwalimu, wewe umeshaishika kwa mkono?"

Tangu nazaliwa nilikuwa nikiiona kutoka kihambani kwetu, nyeupe juu ya migomba, lakini kuigusa sijawahi. Akaondoka zake huku akitabasamu, na urafiki wetu ukaanzia hapo.

Sasa niseme mapema, kwa sababu mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Nilimkosea mtu huyu. Alikuwa na kitu kimoja duniani alichokiona ni chake na ni safi, nacho ni kitabu chake cha mvua, na mimi nilikitia uongo. Si siku moja. Kwa karibu miezi miwili, kila asubuhi, kwa sauti kubwa. Halafu nikakaa na jambo hilo miaka tisa bila kumwambia. Haya yote ninayoyaeleza juu yake nayaeleza nikiwa na hilo moyoni, na nikimsifu mno mtanielewa.

Kazi yenyewe alijifunza kwa mlowezi mmoja wa shamba la ngano chini ya mlima Oldeani. Mlowezi alipoondoka, kopo likabaki, na ofisi ya hali ya hewa mjini ikamwomba aendelee. Mshahara hakuna. Waliletewa tu, yeye na kopo lake, fomu za kila mwezi na wino. Kopo lilikuwa na mdomo mpana kama sahani ya wali, ndani yake chupa, na maji ya chupa unayamimina kwenye gilasi nyembamba yenye mistari ya milimita. Gilasi ile aliitunza ndani ya soksi ya sufu. Soksi yenyewe ilikuwa safi kuliko soksi zangu.

Kila saa tatu asubuhi alifungua ua, akavua kofia, akapiga goti, akamimina, akainua gilasi mpaka mstari wa maji ukawa sawa na jicho lake. Hapo hata ukimwambia nyumba yako inaungua, alikuwa hageuki. Asubuhi za kule, nyie hamzijui. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro unafunika kila kitu, darasa la pili hulioni ukiwa darasa la kwanza, na katikati ya weupe ule unamwona mzee amepiga goti na gilasi mkononi, na sauti ya kengele za ng'ombe inatoka pasipojulikana. Mara nyingi niliacha kufundisha nikasimama dirishani. Nilikuwa najisikia kama nimelala bado, na sikutaka kuamshwa.

Watu walidhani mpima mvua anapenda mvua. Wapi! Aliichukia ikimgusa. Alitembea na mwavuli hata kiangazi cha Septemba, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na tone moja likimwangukia shingoni alipiga chafya siku nzima. "Mvua ni ya shamba na ya kopo," alisema. "Mimi inanitakia nini?" Na mwavuli huo huo hakuufungua kamwe karibu na kopo. Angelowa chapachapa, huku analalamika, lakini asije akaliibia kopo matone mawili.

Kwa sababu hiyo hiyo aligombana na mwalimu mkuu. Mkuu alipanda mikaratusi upande ule wa uwanja, miche arobaini, kwa kampeni. Mpima akamweleza kwa upole kwamba miti ikikua itakinga mvua. Mkuu akamwambia miti ni agizo. Siku tatu baadaye miche yote ilikutwa imehamishiwa nyuma ya vyoo, imepandwa vizuri kwa mstari, imemwagiliwa maji, kila mmoja umewekewa kijiti cha kuushikilia. Hakuna aliyeuliza ni nani. Miti ile ilistawi sana kwa sababu mnazojua.

Ukimuuliza, "Aako, kutanyesha?" alikasirika. Wale wanaojua Kiiraqw walimwita hivyo, Aako, kwa heshima ya mzee, nami nikaiga. "Mimi napima iliyonyesha," angejibu. "Ya kesho niulize keshokutwa." Siku moja gari la watalii waliokuwa wakienda kreta lilisimama shuleni, dereva akashuka, akataka kujua kama juu kutakuwa na ukungu, maana wageni wake wamelipa wamwone kifaru. Mpima akatazama saa ya dereva. "Rudi kesho saa tatu, nitakwambia kwa uhakika." Dereva alitukana mpaka gari likapotea kwenye kona.

Sasa mtu wa namna hiyo, anatangazaje theluji kila Jumapili? Hilo lilinisumbua, nikamchimba mpaka akanionyesha fomu. Ilichapishwa zamani, na waliotunga walikuwa watu wa nchi za baridi, kwa hiyo mwisho kabisa wa kila mstari kulikuwa na safu ya theluji. Ofisi hawakuiondoa. Nasi huku chini ya Oldeani, kila siku ya Mungu, mzee alifika kwenye safu ile akaandika "hakuna." Hakuweka kistari, hakuiruka. Hakuna, hakuna, hakuna, miaka yote.

"Naihurumia," akaniambia. "Safu zote zinapata kitu. Joto linapata, upepo unapata. Hii haijaonja. Basi Jumapili naipa kidogo kwa mdomo. Kwa kalamu siwezi."

Halafu akaniambia la pili, polepole, akiangalia kando. Alipokuwa kijana wa shambani, alitumwa Oldeani kukata mianzi. Alikuwa peke yake. Mawingu yakamfunika, baridi ikaingia mpaka kwenye meno, kikaanza kushuka kitu cheupe. Akainua uso. Hakikumgonga. Mvua ya mawe inagonga kofia, akasema, inapiga kelele kwenye mianzi, kila mtu anaijua. Kile kilikuja kimya, kikakaa begani kwake, kikawa maji. Akasimama bila kukata kitu mpaka kikaisha. Aliporudi mikono mitupu alichapwa viboko, na akieleza alichokiona alichekwa.

"Ungekuwa na kitabu wakati ule ungeandika?"

Akaikunja fomu ile. "Nisingeandika. Sikuwa na gilasi." Mimi niliamini hadithi ile. Sijui kama ni kweli, watu wa elimu wataniambia haiwezekani, lakini niliiamini.

Sijawaambia mwaka wa njaa. Mvua ilikuwa haba, mahindi yakakauka yakiwa na ndevu, na serikali ikaleta unga wa njano, ule tuliouita yanga. Kila kijiji kilitakiwa kupeleka taarifa ya mvua. Katibu wa kijiji akaja shuleni na wazee wawili, wamevaa makoti. Mvua imekuwa kidogo, ndiyo, lakini si kidogo ya kutosha. Wakamwomba Mpima apunguze. Akifuta namba mbili tatu hivi, kijiji kitapanda juu kwenye orodha ya mgawo.

"Sikiliza, mzee mwenzangu," katibu alisema, "ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, kwa nini umevaa koti?"

Hakufuta. Kijiji kilipata mgawo wa wastani, na watu hawakumsalimia mpaka mavuno yaliyofuata. Mkewe, mama mmoja mpole wa sauti ya chini, alikuwa akichemsha mboga za porini bila chumvi, na watoto wao walikuwa wembamba sawa na wa wengine. Nilimkasirikia sana mwaka ule, sitaficha. Nilimwambia usoni kwamba tumbo la mtoto halisomi milimita. Akajibu, "Nikifuta leo kwa ajili ya njaa, kesho atakuja mwingine na sababu nzuri kuliko hii." Hapo ndipo nilipojua kitabu kile kilikuwa nini kwake. Na mimi, niliyejua, ndiye baadaye niliyekiharibu.

Alikuwa na binti wa mwisho, darasa la tatu, darasani kwangu. Huyo ndiye aliyerithi theluji ya baba yake. Alinisumbua wee. "Mwalimu, theluji ina harufu? Ukiila inashibisha? Kuku anaweza kutaga juu yake?" Nilimjibu yote kwa ujasiri wa mtu wa Kilimanjaro, nikibuni.

Masika moja, asubuhi, Mpima alipima milimita moja nukta mbili. Manyunyu. Mchana vilevile, manyunyu ya kulowesha ukosi tu. Huku chini hakuna aliyejua kwamba juu msituni mbingu zilikuwa zimepasuka. Saa nane nikapiga kengele. Ni mimi niliyeipiga, zamu ilikuwa yangu, nikaangalia juu nikaona hakuna neno, nikawaachia watoto. Korongo kati ya shule na upande wa kwao lilikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu walipoanza kuvuka. Wenzake walivuka. Yeye alirudi kuokota kiatu. Maji yakaja kutoka mlimani, ya rangi ya udongo, yamebeba magogo, na sisi tulikuwa bado na manyunyu.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Waliompata walimpata mbali, na akazikwa. Halafu yakaja mambo ya mila. Siku hizo Wakristo wengi walikuwa wameyaacha, lakini mama yake Mpima alikuwa hai, na wazee wa upande ule walikuwa wagumu. Nyumba iliyofiwa hivyo hutengwa, kwa Kiiraqw wanaita metimani. Wa nyumba hiyo haingii kwa watu, hachoti maji pamoja na watu, hakanyagi njia ya wote, mpaka muda uishe. Zamani ulikuwa mwaka. Mchungaji akawasihi, wakapunguza ikawa miezi miwili. Mpima, mzee wa kanisa, angeweza kukataa. Hakukataa. Nafikiri hakuwa na nguvu ya kukataa kitu chochote.

Lakini kopo lilikuwa ng'ambo, kwenye uwanja wanakokanyaga watoto wa watu. Siku ya pili baada ya maziko nilimwona amesimama kwenye ukingo wa korongo upande wa kwake, bila kofia, bila mwavuli. Saa tatu kasoro. Akaniita kwa sauti ambayo sikuitambua.

"Mwalimu! Nipimie!"

Akanifundisha kwa kupiga kelele. Vua kofia, huna kofia, basi funga kilemba vizuri. Piga goti. Usiitikise chupa. Mimina. Inua mpaka jichoni. Nikainua, nikasoma, nikapaaza sauti: "Nne nukta sita!" Akaitikia kwa kichwa, akasema asante, akarudi ndani. Kesho yake hivyo hivyo. Kumbe kwa mila ile anayezungumza naye kwa mbali hana kosa. Watu wengine waliogopa hata hilo, wakapita njia ya juu. Kwa hiyo kwa siku nzima, nje ya nyumba yake, sauti aliyoisikia ilikuwa yangu tu, na maneno niliyompa yalikuwa namba.

Siku ya tatu, mikono yangu ilikuwa na maji na baridi ilikuwa kali. Gilasi ikaniponyoka, ikaangukia jiwe.

Nilipiga magoti pale ndani ya ukungu, nikakusanya vipande ndani ya khanga. Gilasi ya miaka yote ile! Mtu amezika mtoto wiki hii, na mtoto mwenyewe nilimwachia mimi, sasa nimwambie na gilasi nimeivunja? Nikasikia ameita kutoka ng'ambo, "Mwalimu! Ngapi?" Na mdomo wangu ukajibu wenyewe.

"Mbili nukta nne!"

Akaitikia kwa kichwa. Akasema asante.

Kuanzia hapo sikuwa na njia ya kurudi. Kila asubuhi nilifungua ua, nikapiga goti, nikamimina maji chini, nikainua mkono mtupu huku nimempa mgongo, nikabuni. Masika yale yalikuwa mazito. Kuna siku chupa ilikuwa imefurika, maji yamejaa mpaka koponi, kila korongo linanguruma. Mimi nilisema moja nukta mbili. Nikasema mbili. Nikasema manyunyu tu, Baba, hata hayapimiki. Sikuweza kusimama mbele ya mtu yule nikamtajia mvua kubwa. Mdomo ulikataa. Nilimnyeshea kidogo kidogo, miezi miwili, nikiandika yote kwenye kitabu kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu.

Alipotoka kwenye kutengwa alikuja shuleni siku ileile, na kofia na mwavuli wake. Nikampa soksi yenye vipande ndani. "Imevunjika juzi," nikasema. Akaipapasa soksi kwa nje. "Chombo cha kioo," akasema, basi. Akachukua kitabu akaenda nacho nyumbani. Jumapili akasimama tena mlangoni pa kanisa, akatangaza bonde, akatangaza Endulen, akafika milimani akasema theluji, na hakuna aliyecheka. Mama mmoja nyuma yangu alilia.

Sasa, kulikuwa na jambo la saa. Ofisi ilikuwa imeahidi kwamba mpimaji atakayetimiza miaka ishirini bila kukosa siku atapewa barua ya pongezi na saa ya mkononi. Mpima alibakiza miezi michache tu. Hakuwa mtu wa majivuno, lakini hiyo saa aliitaja. Alishaamua ataivaa mkono gani. Bwana mmoja wa ofisi akaja, akaleta gilasi mpya, akachukua fomu, akaondoka. Mwaka ukaisha, hakuna saa. Wa pili ukaisha. Watu wakasema watu wa mjini ni wachoyo, wamekula saa ya mzee. Mimi nilikaa kimya nikijua. Wamelinganisha namba zangu na za vituo vingine, nikajiambia, wameona uongo, wamemhesabu yeye ndiye mwongo. Mtu aliyekataa kufuta namba mbili kwa njaa ya watoto wake.

Mara ngapi nilitaka kumwambia! Nilifika mpaka kwenye kizingiti chake, nikaombwa niketi, nikapewa uji wa mtama, tukaongea habari za mihogo. Halafu nikaolewa, nikahamia Arusha, nikazaa. Kila masika yakianza, mvua ikipiga bati usiku, mume wangu alinikuta nimekaa kitandani. Aliuliza nina nini. Nilimjibu nasikiliza tu.

Mwaka wa tisa nikapanda basi la Karatu. Mtoto wa tatu nilimwacha kwa dada. Kulikuwa na ukungu na manyunyu kuanzia ukingo wa bonde la Manyara, basi linapanda polepole na taa zimewashwa mchana, nami nikaona kama narudi ndani ya ndoto niliyoianza mwenyewe. Shuleni kopo halikuwepo. Waliniambia ofisi iliamua kituo kihamie kwingine. Nikavuka korongo kwa miguu, lilikuwa kavu, nikapanda upande wa pili ambao wakati ule nilikuwa nautazama tu.

Alikuwa amekaa nje, kwenye kigoda, uso umeelekea jua. Macho yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili.

"Saita, Aako," nikamsalimu.

"Mwalimu," akasema papo hapo. "Umenenepa. Hatua zako zimekuwa nzito."

Nikacheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Nikachuchumaa mbele yake. Sikungoja uji.

"Baba, nina neno. Gilasi ile haikuvunjika mwishoni. Niliivunja siku ya tatu. Namba zote zile nilibuni. Zote. Nilikudanganya, na nimekukosesha heshima yako na saa yako. Nisamehe."

Mkono wake ulikuwa ukiisugua fimbo juu chini.

"Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi," akasema. "Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Gilasi. Hapakuwa na upepo. Halafu ukungu ukafunguka kidogo nikakuona umepiga magoti unaokota. Wakati ule nilikuwa naona vizuri, wewe."

"Ulijua? Toka siku ile? Sasa mbona ukaniuliza ngapi? Mbona ukaniuliza kila siku, miezi miwili?"

"Ningenyamaza, usingekuja tena."

Akaendelea taratibu, bila kunigeukia.

"Mke wangu alikuwa haongei. Mama alikuwa anaomba tu. Njia ilikuwa tupu. Saa tatu ikifika, kuna mtu anasimama pale ananipigia kelele. Nililala nikingoja saa tatu. Na ulikuwa mwongo mbaya, Mwalimu. Maji yameingia mpaka zizini kwangu, ng'ombe wamesimama ndani ya tope, wewe unaniambia manyunyu! Nikajua huyu hataki kunitajia mvua kubwa. Nikasema sawa. Acha anyeshe hivyohivyo."

"Na kitabu?"

"Kitabu nilikirekebisha. Nilifuta kurasa zako zote kwa mstari mmoja, nikaandika upya: 'Haikupimwa.' Mara hamsini na nane. Mkono uliniuma."

"Kwa hiyo saa..."

"Saa ni ya mtu asiyekosa siku. Mimi nilikosa hamsini na nane." Akainua mkono wake wa kushoto, mtupu, akaugeuza mbele ya macho yasiyoona. "Yule bwana wa ofisi aliniambia niandike sifuri, saa nitaipata tu. Nikamwambia sifuri maana yake hakukunyesha. Na kulinyesha. Mimi nilikuwepo, na wewe ulikuwepo."

Nililia bila haya, kichwa kwenye magoti yake, mwanamke mzima mwenye watoto watatu. Aliacha nilie. Aliniwekea kiganja juu ya kilemba, kizito, cha mtu wa jembe, akakiacha hapo. Baada ya muda akauliza, kwa sauti yake ile ya puani:

"Huko ulikopita, Mwalimu, kulinyesha?"

"Kulinyesha, Baba. Kuanzia Manyara."

"Kiasi gani?"

Namba ilikuwa tayari mdomoni, na nukta yake.

"Sijui," nikasema. "Sikupima."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza kuna nini.